Reli ya Mbao ya Binti Yangu

Huku Kafutuma ninakoishi, katika wilaya ya Nchelenge kando ya Ziwa Mweru, hakuna reli. Mkoa wetu wote wa Luapula hauna reli. Watoto wa hapa huamshwa na sauti za wavuvi wanaorudi alfajiri na dagaa, ambao wenyeji huwaita chisense. Vyombo wanavyovijua ni mitumbwi, baiskeli zenye mizigo na malori ya samaki. Na garimoshi kwao ni picha tu katika kitabu cha shule. Hata hivyo, nyumbani kwangu garimoshi hupita kila jioni, juu ya meza fupi iliyo pembeni mwa sebule. Leo nataka kusimulia jinsi nilivyokaribia kuliua kwa gundi na misumari, huku nikiamini kwamba ninalitengeneza.

Nasimulia haya kwa kuwa najua wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa nyumba kama yangu: nyumba za askari, ambamo mzazi mmoja huwapo leo na kesho hayupo, na yule abakiye hulazimika kuwa mlinzi, fundi na mwalimu kwa wakati mmoja. Huenda kosa langu likamwokoa mwingine.

Kwanza nieleze asili ya reli yenyewe. Baba yangu, ambaye hapa nitamwita Babu kama wanangu wamwitavyo, ni mzaliwa wa pwani hii ya ziwa, lakini nguvu za ujana wake alizimalizia katika TAZARA, Reli ya Uhuru. Reli hiyo, itokayo Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina urefu wa kilometa 1,860. Ujenzi wake ulianza mwaka 1970 kwa mkopo usio na riba kutoka China, ukakamilika mwaka 1975, na mwezi wa Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Babu hakuwa miongoni mwa walioijenga. Aliajiriwa baadaye, katika genge la kutunza njia. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma kwa miguu, jua na mvua, akitazama vifungo vilivyolegea, akishindilia kokoto pale njia ilipobonyea, akipiga reli kwa nyundo na kusikiliza mlio wake. Kwa miaka mingi alikuwa upande wa Mbeya, ndiko alikomwoa mama yangu, mwenyeji wa Tukuyu, na ndiko nilikozaliwa na kusoma hata nikapata cheti cha ualimu. Babu alipostaafu tukarudi kwao, nami nikaingia katika utumishi wa serikali huku.

Ndiyo maana lugha ya nyumbani kwetu ni Kiswahili. Nacho si kigeni sana hapa. Pweto na miji mingine ya Kongo iko ng'ambo ya ziwa, na tangu mwaka 2017, wakimbizi kutoka Kongo walipoanza kuingia kwa wingi katika wilaya yetu, na wengi wao kupewa makao Mantapala kuanzia mwaka 2018, ukienda sokoni Kashikishi utasikia Kiswahili karibu na Kibemba katika meza moja ya samaki.

Mwezi wa Agosti 2022 mume wangu, ambaye ni mwanajeshi, aliondoka na kikosi cha Zambia kwenda kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka mitano, na mdogo wake wa kiume alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushikilia vitu. Siku baba yake alipoondoka binti yangu hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Huko baba anakokwenda, kunafikiwa na treni?" Babu akamjibu kwamba treni inaweza kufika popote, mradi pawe na mtu wa kuitandikia njia.

Kesho yake Babu alikwenda kwa mafundi wa mashua akaomba vipande vya mbao walivyokuwa wakivitupa. Vingi vilikuwa vya mninga, ambao huku huitwa mukwa, mbao ngumu yenye rangi nzuri isiyohitaji kupakwa kitu. Alikaa barazani kwa muda wa wiki sita, na msumeno mdogo, patasi, tupa na msasa, akichonga njia ya reli kipande kwa kipande. Kila kipande kilikuwa na urefu wa shubiri moja, na juu yake mifereji miwili ya kupitisha magurudumu. Upande mmoja aliacha kichwa cha mviringo kama kifungo, na upande wa pili akachimba tundu la umbo hilo hilo, ili kipande kimoja kikae ndani ya kingine bila msumari wala kamba. Mtindo huu wa kuunganisha si wake. Aliuona katika mchezo wa kununuliwa wa mtoto wa mwenzangu wa ofisini. Huko Ulaya michezo ya namna hiyo ni ya siku nyingi. Kampuni ya BRIO ya Sweden imekuwa ikiuza reli za mbao za watoto tangu mwaka 1958. Lakini hiyo yetu ilichongwa kwa macho ya mzee wa miaka 70 na kwa mikono ambayo tayari ilikuwa imeanza kutetemeka. Vilipohesabiwa vyote vilikuwa vipande 42, vya kunyooka na vya kupinda, pamoja na daraja moja, kichwa kimoja cha garimoshi na mabehewa matatu yaliyoshikana kwa kulabu za waya.

Seremala wa jirani akatutengenezea meza. Ilikuwa na mbao tano zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na urefu wa kwenda juu ulimfikia mtoto kiunoni, ili aweze kuchezea akiwa amesimama.

Sasa sikilizeni jinsi mtoto alivyoutumia mchezo huo. Babu alimfundisha majina ya stesheni kwa mpango wake: Nakonde, Kasama, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi. Binti yangu aliyashika yote, kisha akaongeza moja ya kwake mwenyewe, jina alilolisikia kwa baba yake katika simu: Bangui. Kila jioni alianza reli yake katika pembe moja ya meza, ambayo ilikuwa "nyumbani", akaipitisha Mpika na Kapiri, na pale meza ilipokwisha akaiendeleza juu ya kigoda, kutoka kigodani juu ya sanduku, na kutoka sandukuni mpaka kwenye kitanda changu. Kitandani, upande wa mto wa baba yake, ndiko kulikokuwa Bangui. Garimoshi likifika huko lilipakuliwa mizigo: punje za mahindi, kijiti, wakati mwingine dagaa mmoja mkavu. Kisha akalala.

Mimi nami niliyaona hayo kila siku, lakini sikuyatazama. Nilichokiona ni fujo. Reli ziliteleza juu ya meza kila alipozigusa kwa kiwiko. Njia ilikatika, mabehewa yakaanguka, mtoto akapiga kelele, na mdogo wake akatambaa kuja kuvitia vipande mdomoni. Nikirudi kazini nimechoka, nakanyaga behewa gizani. Zaidi ya hayo, mimi ni mwalimu kwa mafunzo, na mwalimu hupenda vitu vikae mahali pake.

Jumamosi moja ya Oktoba, mwezi ambao huku joto huwa kali kuliko miezi yote, Babu alikuwa amekwenda kumtazama ndugu yake Kawambwa. Nikachukua gundi ya mbao, nyundo na misumari midogo. Nikaipanga reli juu ya meza kwa mviringo mzuri, daraja katikati, nikapaka gundi chini ya kila kipande, na kwenye viungo nikagongomea misumari kwa usalama zaidi. Vipande vilivyobaki nikavifungia kabatini. Nilipomaliza nilisimama kando nikaitazama kazi yangu kwa furaha. Haikuteleza. Ungeweza kuipindua meza nzima wala kisianguke kipande hata kimoja.

Binti yangu alipoingia aliizunguka meza mara mbili. Akajaribu kukivuta kipande cha pembeni, hakikutoka. Akaliweka garimoshi, akalisukuma likazunguka mara moja, likarudi lilipotoka. Akalisukuma tena. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, bila kulalamika:

"Mama, treni hii haifiki kwa baba. Inazunguka tu."

Nikamwambia kwamba sasa haitaanguka tena, na kwamba watoto wenye adabu hushukuru. Akasema, "Ahsante, Mama." Toka siku ile hakulisukuma tena garimoshi. Meza ikawa mahali pa kuwekea nguo zilizofuliwa. Usiku alianza kuamka na kunifuata kitandani, jambo ambalo hakuwa akilifanya hata wiki ile baba yake alipoondoka. Mume wangu alipopiga simu na kumwuliza, kama ilivyokuwa desturi yao, "Treni imefika wapi leo?", mtoto alinirudishia simu mkononi akasema hana habari.

Babu aliporudi aliiona meza. Akapitisha kidole juu ya kichwa cha msumari mmoja, akakaa kimya. Wazee wa kwetu hawamkemei binti yao mbele ya mtoto wake. Nami nikaufanya ukimya wake kuwa ni kibali, kwa sababu ndivyo nilivyotaka uwe.

Mvua zikaja mwezi wa Novemba, na hapo kazi yangu ikaanza kunihukumu yenyewe. Mbao ni kitu kinachopumua, ndugu msomaji. Wakati wa unyevu huvimba, na wakati wa kiangazi husinyaa. Tena huvimba kwa upana wake, si kwa urefu wake. Mbao tano za meza yangu zilipovimba, meza ilitanuka kwa upana. Vipande vya reli vilivyokuwa vimegundishwa kukatisha mbao hizo havikuweza kurefuka pamoja nazo. Penye nguvu zaidi ya gundi palibanduka, penye nguvu zaidi ya mbao palipasuka. Misumari ikasukumwa juu kidogo kidogo, bila mtu kuona.

Siku moja ya Januari 2023 binti yangu alikuwa akiondoa nguo juu ya meza ile, kunisaidia kazi. Msumari mmoja ulikuwa umenyanyuka kiasi cha unene wa sarafu, tayari una kutu. Ukamchoma kiganjani, jeraha dogo lakini la kuingia ndani. Nikamwosha kwa maji safi na sabuni, nikampeleka zahanati. Muuguzi akalisafisha jeraha tena na kutazama kadi ya chanjo, maana jeraha la kuchomwa, hata likiwa dogo, laweza kupitisha vijidudu vya pepopunda vinavyokaa katika udongo na uchafu. Kwa bahati chanjo zake zilikuwa zimetimia. Njiani kurudi nyumbani nilimbeba mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa, na sikuwa na neno la kumwambia.

Usiku ule Babu aliniita barazani. "Mama, njoo ukae," akasema, kwani ndivyo aniitavyo tukiwa wawili. Nilidhani atanigombeza kwa habari ya msumari. Badala yake akaniuliza: "Unadhani reli ya Mbeya imegongomelewa ardhini?"

Nikamjibu kwamba sikuwahi kufikiri, lakini bila shaka imefungwa mahali fulani.

Akacheka kidogo, akanieleza. Reli, alisema, imefungwa kwenye mataruma, na mataruma ya zege hayakufungwa kwenye chochote. Yamelazwa tu katika kokoto. Kokoto hizo, kwa kuwa zina pembe kali na zimeshindiliwa vizuri, hushikana zenyewe kwa zenyewe na kulizuia taruma lisiende upande. Uzito wa garimoshi hutawanywa, maji ya mvua hupita chini, na siku njia ikibonyea watu wa genge huja na vyuma vyao wakainyanyua na kuishindilia upya. Kama ingalikuwa imegongomelewa ardhini moja kwa moja, mvua ya masika ya kwanza ingaliing'oa. Tena, akasema, hata chuma kwa chuma hakibanwi mpaka mwisho. Katika njia za viungo, kati ya reli na reli huachwa nafasi ndogo, kwa sababu chuma hurefuka juani. Nilipopiga hesabu baadaye niliona kwamba reli ya mita 12, joto likipanda kwa nyuzi 30, hurefuka kwa milimita 4 hivi. Asipoiachia nafasi hiyo, reli hujipinda kama nyoka, na garimoshi likaanguka.

"Sisi hatukuwa watu wa kuifunga njia," akamaliza. "Tulikuwa watu wa kuilaza vizuri, kisha kuitembelea kila siku."

Nilikumbuka ndipo somo nililofundishwa chuoni na kulifaulu, kisha nikalisahau nyumbani kwangu. Friedrich Fröbel, mwalimu Mjerumani ambaye mwaka 1837 alianzisha huko Bad Blankenburg kazi iliyozaa shule za chekechea, aliwapa watoto mchemraba wa mbao uliokatwa vipande vinane. Vipande hivyo havikugundishwa. Mtoto alitakiwa kuvitenganisha, kuvijenga apendavyo, kisha kuvirudisha vikawa mchemraba tena. Mafunzo yalikuwa katika kule kutenganisha na kurudisha. Mimi nilikuwa nimempa binti yangu reli nzuri isiyo na lolote la kufanya juu yake.

Kesho yake tukaanza kung'oa. Misumari tuliitoa kwa koleo, na gundi tuliilowesha kwa vitambaa vya maji ya moto, kisha tukapenyeza kisu kisichokata polepole. Kazi ilituchukua siku tatu. Kati ya vipande 30 nilivyovigundisha, 7 vilikatika tusiweze kuviokoa. Nikamwomba Babu achonge vingine. Akanionyesha mikono yake tu. Kwa muda ule wa miezi michache mtetemeko ulikuwa umezidi, hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Vipande vile saba ninavyo hadi leo katika mkebe, na sijapata mtu wa kuvichonga kwa namna ile. Hiyo ndiyo gharama ya haraka yangu, na wahenga hawakukosea waliposema kwamba haraka haraka haina baraka.

Sasa nieleze jinsi tulivyoitengeneza upya meza, kwa faida ya mzazi mwenye mchezo wa namna hii nyumbani, uwe wa kuchongwa au wa kununua.

Kwanza, tuliipa meza kokoto zake. Juu ya mbao tulitandaza kipande cha blanketi kuukuu, tukakivuta kikakaza, tukakipigilia misumari chini ya uvungu wa meza, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Reli ya mbao juu ya blanketi haitelezi ovyo kama juu ya mbao iliyopigwa randa, tena kelele zinapungua.

Pili, mpira wa ndani wa baiskeli. Huku Luapula, ambako baiskeli ni nyingi, hakuna fundi atakayekunyima mpira uliopasuka. Tuliukata vipande vyembamba vya upana wa kidole, tukaviosha kwa sabuni, na kuvibandika kwa gundi chini ya vipande vya kupinda, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyosukumwa zaidi na garimoshi linapokata kona. Gundi iwe kati ya mpira na reli, isiguse meza. Hapo reli inashika, na mtoto akitaka kuinyanyua inanyanyuka.

Tatu, ukingo. Seremala alituzungushia meza papi ya mbao, iliyopanda juu kiasi cha vidole viwili. Behewa likiacha njia linagonga ukingo wala halianguki. Lakini upande mmoja, ule unaotazama kigoda, tuliuacha wazi kwa upana wa reli moja. Huo ni mlango, na mwenye reli ndiye aliyeuomba.

Nne, kilichofungwa kabisa ni kitu kimoja tu: kipande cha kwanza, pale "nyumbani". Hicho tulikifunga kwa skrubu mbili, si misumari. Matundu yalitangulia kutobolewa kwa keekee ili mbao isipasuke, na vichwa vya skrubu vikazamishwa chini ya uso wa mbao hata ukipitisha kidole husikii kitu. Skrubu zinafunguliwa kwa bisibisi siku ya kuhama, na nyumba za askari zina siku za kuhama. Njia ikiwa na mwanzo usiosogea, mtoto huijenga iliyobaki kwa kuitegemea hapo, na fujo nyingi huisha bila kumkataza lolote.

Tano, ukaguzi. Kila Jumapili jioni, mimi na binti yangu tunapitisha vidole juu ya kila kipande kutafuta kibanzi, kiungo kilicholegea au waya uliochomoza, na palipoharibika tunapiga msasa. Babu hukaa kitini akitoa amri kama msimamizi wa genge. Wenye michezo ya dukani waangalie jambo moja zaidi: mabehewa mengi ya siku hizi huunganishwa kwa sumaku ndogo. Sumaku ikichomoka na mtoto mchanga akaimeza, hasa zikiwa mbili, zaweza kunasana ndani ya matumbo na kuyatoboa. Ukishuku jambo hilo usingoje dalili, mkimbize mtoto hospitali. Na mchezo wowote uliopakwa rangi usiyoijua asili yake, yenye kubanduka, usimwachie mtoto anayetia vitu mdomoni, kwani rangi nyingine huwa na risasi, nayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Jioni ya kwanza baada ya kazi hiyo kwisha, binti yangu aliizunguka meza mara mbili kama siku ile. Akakivuta kipande kimoja, kikatoka. Akakirudisha. Akakivuta kingine. Alifanya hivyo kwa vipande karibu vyote kabla hajacheza, kama mtu anayehesabu mali yake baada ya wizi. Kisha akaanza kuijenga njia. Kwa kuwa vipande saba vilikuwa vimepotea, reli haikufika kitandani. Ilikomea kwenye sanduku. Nilimwona akisimama, akiutazama ule upungufu, nami moyo wangu ukawa mzito. Baada ya kitambo akaenda akalivuta sanduku karibu na kitanda, akakileta kigoda karibu na sanduku, akaisogeza na meza yenyewe kwa kuisukuma na bega. Njia ikafika.

Baba yake alipopiga simu wiki ile, alimwuliza tena treni imefika wapi. "Imefika huko huko ulipo," akamjibu, "lakini imebidi tusogee."

Mume wangu alirejea salama mwishoni mwa mwaka 2023. Sikumwandikia habari ya gundi alipokuwa kazini. Nilimwambia aliporudi, nikamwonyesha na mkebe wa vipande saba. Aliviangalia kimoja kimoja. Akasema kwamba huko alikokuwa, siku alizokuwa akiambiwa na mtoto stesheni iliyofikiwa, alilala usingizi mwema, na kwamba kile kipindi cha miezi mitatu mtoto aliposema hana habari, alidhani labda ameanza kusahauliwa. Maneno hayo yaliniuma kuliko msumari ulivyomwuma binti yangu, maana sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba mchezo wa mtoto mezani Kafutuma ulikuwa ukimshikilia na mtu mzima aliye mbali na bunduki begani.

Ndugu zangu wenye waume au wake vituoni na kambini, mtoto anayebaki nyumbani hana sauti katika amri za uhamisho wala za safari. Vitu vichache alivyo na uwezo navyo ni hivi vidogo: njia ya mbao, gari la waya, nyumba ya mabua. Ukiona anavipanga na kuvipangua kila siku, usikimbilie kuvifunga ili sebule ipendeze. Keti kwanza uulize vinakwenda wapi. Ukishajua, utajua pia ni kipi cha kukaza skrubu na kipi cha kuachiwa nafasi.

Babu sasa hawezi kushika patasi, lakini bado anajua mlio wa kiungo kibovu. Jana jioni garimoshi lilipopita darajani alinyanyua kidole akasema, "Hapo." Binti yangu akainama, akakuta kweli kipande kimekaa vibaya. Akakitengeneza, akarudisha garimoshi nyuma, likapita.